Kisomeo Kisichostahili Kabati

Pale Manundu, Korogwe, fundi wa redio na simu Valerian Komba alijulikana zaidi kwa jina la Fundi Kinyaa, na hakulikataa. Mtu akimletea simu, aliipokea kwa ncha za vidole viwili, akaigeuza, akainusa, halafu akamtazama mwenyewe usoni. "Hii umekuwa ukiongea nayo, au ukisongea ugali?"

Watu walicheka, lakini yeye hakuwa akitania. Ndani ya simu za watu wa mji ule alikuwa amekuta unga wa sembe, mafuta ya nywele yaliyoganda, mende waliokauka na kubaki miguu, na siku moja ukucha mzima wa mtu. Kila kifaa kilichopita mezani kwake kilisuguliwa kwa mswaki na spiriti, kikawekwa ndani ya ndoo ya mchele mkavu usiku kucha, ndipo kikarudi kwa mwenyewe. Hata kama ulikuwa na haraka ya kuzika, utasubiri. Kifaa kichafu hakikutoka katika kibanda chake, na hilo lilikuwa kama kiapo.

Uchafu wa watu, hata hivyo, ulikuwa na dawa. Kilichomchefua hasa ni vitu vilivyotengenezwa kwa hila: simu ambayo betri yake imegundishwa ili usiweze kuibadili, redio ya rangi ya dhahabu ambayo ndani yake ni waya mbili na upepo. Akikuta hivyo alitema mate nje ya mlango. "Mtu kasoma mpaka chuo kikuu," alisema, "akamaliza, akakaa chini akatengeneza takataka hii. Na analala usingizi!"

Kinyaa hicho kilianza utotoni. Babu yake alikuja kutoka Songea kama manamba, baba yake akakata mkonge maisha yake yote, na Valerian mwenyewe alizaliwa katika kambi ya shamba moja karibu na Mnyuzi. Kambini hapakuwa na kitabu zaidi ya vile vya nyimbo za kanisani. Lakini palikuwa na mama mmoja, Bi. Mwanaisha, aliyeuza karanga za kukaanga, na karanga zile alizifunga katika kurasa za vitabu. Aliyapata wapi makaratasi hayo hakuna aliyeuliza. Valerian alikuwa na miaka minane, amejua kusoma karibuni tu, na alinunua karanga ili apate karatasi. Karanga aliwagawia wenzake.

Basi siku moja akapata ukurasa wa hadithi. Mwindaji amevuka mto uliofurika kumfuata ndugu yake aliyemuuza; amemkuta kakaa mlangoni anakula. Ndugu akapauka. Mwindaji akainua mkono, akasema. Ukurasa ukaishia hapo, na chini yake doa la mafuta. Valerian alirudi kwa Bi. Mwanaisha kesho yake, na keshokutwa, na wiki nzima. Alipata ukurasa wa hesabu za kugawanya, akapata picha ya figo, akapata ukurasa mwingine wa hadithi ile ile, ila wa mwanzoni kabisa, mwindaji bado mtoto. Alichosema mwindaji hakukipata. Leo ana miaka hamsini na saba, na mpaka leo harufu ya karanga za kukaanga inamgeuza tumbo.

Alipooa, alimwoa Bernadina, mshonaji wa Manundu, mwanamke safi kuliko yeye, na hilo si jambo dogo. Walijaliwa mtoto mmoja, Joyceline. Binti akasoma, akawa mwalimu wa Kiswahili, akapangiwa shule ndogo ya sekondari huko ndani zaidi ya Kwamsisi, wilaya ya Handeni, ambako ukishuka pikipiki vumbi limekujaa mpaka masikioni. Likizo yake ya kwanza alirudi nyumbani na riwaya moja mkononi. Ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani, jalada hakuna, kurasa za katikati hakuna.

"Hiki ndicho kitabu cha kidato cha nne," alisema. "Wanafunzi hamsini na wawili. Kila mmoja anakaa nacho jioni moja, anampa mwenzake."

"Na hizi kurasa za katikati?"

"Mama mmoja alifungia vitumbua, baba."

Valerian alikiweka chini kile kitabu taratibu, akatoka nje. Bernadina alidhani ameenda msalani. Alikuwa amesimama kando ya mgomba, ameshika tumbo.

Kesho yake alianza kubuni. Wengine hubuni kitu kwa kukipenda, lakini Fundi Kinyaa alibuni kwa kuchukia, na ukitazama kila sehemu ya kifaa kile ungejua alichukia nini. Alichukia kitabu kinachochanika, basi chake kingekuwa kidude cha kushika mkononi chenye vitabu mia ndani, riwaya ile ikiwamo, wala hakuna ukurasa wa kufungia kitumbua. Alichukia vioo vya simu vinavyowaka na kuchoma macho na kumaliza betri kabla ya adhuhuri. Akaagiza Dar es Salaam shehena ya vifaa vibovu vya kusomea vitabu, vilivyotupwa ughaibuni, akafungua kimoja kimoja, akatoa vile vioo visivyowaka, vinavyoandika kama karatasi na kula umeme pale tu ukurasa unapogeuzwa. Alichukia michezo na video, basi hakuweka. Alichukia betri zilizogundishwa, basi yake ilitoka kwa skrubu mbili. Alichukia kuhangaika na chaja, basi mgongoni aliweka kipande cha sola, ili kiachwe juani kama anikavyo mtu nguo.

Cha kwanza kiliingiwa na sisimizi. Aliwakuta wamejenga ndani, mayai meupe yamejaa mpaka kwenye kitufe, na siku hiyo hakula. Cha pili alikizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, sisimizi wakashindwa, lakini maandishi yalikuwa madogo mno. Cha tatu kilikuwa na maandishi makubwa, vitufe viwili tu, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, na kilikumbuka. Ukikizima ukurasa wa arobaini, mwezi ujao kitafunguka ukurasa wa arobaini. Hilo alilihangaikia miezi mitatu, akisoma mambo ya wataalamu kwenye simu mpaka macho yakamwuma, kwa sababu ya mwindaji aliyeinua mkono.

Cha nne ndicho alichokipenda. Alikitengenezea kasha la mninga, akalipiga msasa, akalipaka vanishi tabaka tatu mpaka ukaweza kujitazama meno. Alikiita kisomeo, akampa Bernadina, akatengeneza kumi na viwili vingine kwa ajili ya shule. Kazi ilimla mwaka na nusu. Alipovipanga mezani vikimeta, majirani walikuja kuvitazama, wakanyoosha vidole bila kugusa. Valerian alisikia raha. Alidhani ile raha ni ya haki.

Siku ya kuvikabidhi, mwezi wa nne, alikuta shuleni turubai, viti vimevalishwa vitambaa na kufungwa utepe, spika mbili kubwa na mshereheshaji aliyetokwa jasho. Mkuu wa shule, Mwalimu Mustapha, mtu mpole mwenye koti lililombana, alikuwa ameshonesha sare kwa walimu wote. Pilau ilipakuliwa kwa wageni. Wanafunzi walisimama juani kwa muda wa saa mbili na nusu, wakaimba, wakapiga makofi, wakanyamaza. Mgeni rasmi akapewa kisomeo akionyeshe kwa kamera. Alikishika kichwa chini miguu juu, akatabasamu, akabonyeza kitufe mara mbili kwa kidole chenye mafuta ya pilau, akampa mlinzi wake akirudishe mezani. Valerian aliliona lile doa kwenye kioo, likamkaa kifuani kama mfupa wa samaki. Hata hivyo alijiambia: mradi vimefika.

Ukapita mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Kila alipompigia binti yake simu na kuuliza visomeo vinaendeleaje, Joyceline alijibu, "Vipo, baba. Vizima." Kisha akabadili mazungumzo. Mwezi wa nane Valerian alifunga kibanda, akapanda basi mpaka Mkata, kutoka hapo akachukua bodaboda.

Mwalimu Mustapha alimpokea kwa furaha ya kweli, akamwita fundi wetu, akaagiza soda.

"Vinasomwa?" Valerian aliuliza.

"Fundi, vinatunzwa. Hutaamini macho yako. Hakuna hata kimoja kilichokwaruzwa."

Kabati lilikuwa la chuma, kona ya ofisi, chini ya bati lisilo na dari. Lilikuwa na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mkuu na mwingine kwa mwalimu wa stoo, ambaye ilibidi atafutwe shambani kwake. Lilipofunguka, harufu ilitoka kwanza: mavi ya popo, mkojo wa panya, na karatasi iliyooza. Rafu ya chini ilikuwa na vitabu vya miaka iliyopita, vya kiada, vipya visivyofunguliwa, mchwa wamevila kutoka ndani, yamebaki majalada. Rafu ya juu, chini ya kitambaa cheupe kilichofumwa maua mekundu na maneno KARIBU MGENI, vilikuwepo visomeo kumi na viwili. Kila kimoja kimo ndani ya mfuko wa nailoni, kimefungwa fundo.

"Vinatolewa akija mgeni," alisema Mwalimu Mustapha. "Mkaguzi alikuja mwezi wa sita, alisifu sana."

Valerian alifungua fundo moja. Nailoni ilikuwa imetoa jasho ndani na vanishi yake nzuri imeota ukungu. Akageuza kifaa: kwenye sola, ambayo haikuonja jua miezi minne, mjusi alipenya kwenye mkunjo wa mfuko akataga mayai mawili, na moja lilikuwa limepasuka likakauka. Akatoa skrubu mbili. Betri ilikuwa imevimba kama tumbo la chura. Akafungua cha pili, cha tatu. Vyote vimekufa. Betri alizokuja nazo kwenye mkoba zilitosha kuwasha vitatu, akavisubiri. Cha kwanza kilifunguka ukurasa wa kwanza. Cha pili, ukurasa wa kwanza. Cha tatu kilikuwa na doa la mafuta kwenye kioo, nacho kilifunguka ukurasa wa tatu.

Aliiangalia ile namba tatu. Hapo ndipo alipofika mgeni rasmi. Hakuna mtu mwingine yeyote, tangu siku ile, aliyekwenda mbele zaidi ya hapo wala aliyefika hapo. Valerian aliweka kifaa mezani, akatoka, akafika nyuma ya tangi la maji, akatapika soda yote.

"Pole, fundi," mkuu alimwambia kutoka mlangoni. "Ni joto la njia."

Nyumbani kwa Joyceline, vyumba viwili vya walimu, alimkuta binti mmoja mwembamba amekaa mkekani anaandika. Aliinuka haraka, akasema shikamoo mzee. Joyceline akamweleza baba yake kwamba huyu ni Mwaija, wa kidato cha nne. Mama yake, Hajira, alimwachia shamba la mahindi alinde ngedere kila siku akitoka shule, hivyo jioni yake ya kusoma ilipofika mara nyingi giza lilikuwa limeshaingia, na zamu ikapita. Sasa alikuwa ananakili riwaya yote kwa mkono, ili awe na yake. Kurasa zilizokosekana katikati Joyceline aliziazima shule nyingine. Riwaya ilikuwa na kurasa mia mbili na kumi na nne. Mwaija alikuwa amefika ya hamsini na nane, na mtihani ni mwezi wa kumi na moja.

"Nione," Valerian alisema.

Mwaija alisita kumpa daftari, kwa sababu lilikuwa chafu, lina masizi na alama za vidole. Fundi Kinyaa alilipokea kwa mikono yote miwili. Herufi zilikuwa ndogo na zimebanana, kubania karatasi. Kidole cha kati cha yule mtoto kilikuwa na sugu nyeusi ya wino.

Mwaija alipoondoka, Valerian alimgeukia binti yake. "Miezi minne! Miezi minne unaniambia vipo, vizima! Huyu mtoto anahangaika kunakili kama karani wa Mjerumani, na vitabu vimelala mita mia mbili kutoka hapa vinatagiwa mayai na mijusi! Ulishindwa kuniambia?"

"Ningekuambia nini, baba?" Joyceline hakuinua macho. "Nilimwomba mkuu mara tatu. Alisema, baba yako amevitengeneza vizuri hivi, halafu sisi tuwape watoto waviharibu? Itakuwa ni kumvunjia heshima. Nikarudi darasani."

"Ukarudi darasani!"

"Likizo ya Pasaka nilikuomba cha mama nisome kidogo. Unakumbuka ulivyonijibu?"

Valerian alikumbuka. Alikuwa amesema, nawa mikono kwanza. Na Joyceline aliponawa, Bernadina alisema angoje kwanza, mama mchungaji atapita jioni kukiona, kisije kikawa na alama. Kitambaa kikarudishwa juu yake.

Hakulala vizuri. Asubuhi alimwambia mkuu kwamba anavichukua visomeo kwenda kuvifanyia matengenezo. Mwalimu Mustapha aliandika orodha, akagonga mhuri, akamwomba virudi vikiwa vinang'aa vile vile.

Alipofika Manundu hakumsalimu hata mke wake sawasawa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la sebuleni, lile la vioo, lenye glasi sita za maua ambazo Joyceline alikua bila kunywea, na birika la kaure ambalo halijawahi kuona chai. Katikati, chini ya kitambaa cha kufuma, ndipo palipokuwa na kisomeo cha Bernadina. Kilikuwa safi. Alikitoa, akakiweka juani dirishani, akakingojea, akakiwasha. Ukurasa wa kwanza.

Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na Valerian siku ile aliliona lake lote. Miaka yote aliwatemea mate watengeneza redio za dhahabu zisizo na kitu ndani, kumbe naye amekaa chini, mtu mzima, akatengeneza chombo cha wageni. Ile vanishi ilikuwa yake. Ile raha ya majirani kunyoosha vidole bila kugusa ilikuwa yake pia. Mwalimu Mustapha hakufanya kosa lolote jipya. Alifanya kile ambacho kila nyumba ya heshima kutoka Mnyuzi mpaka Handeni ingefanya: kizuri kikiingia, kinafunikwa.

"Baba Joyce, kuna nini?" Bernadina aliuliza.

"Nakitazama kinyaa," alisema. "Leta msumeno."

Alivifungua vyote kumi na vitatu, akatoa vioo, akatoa bodi, akaweka betri mpya. Makasha ya mninga aliyaweka kando. Kisha akanunua madumu ya mafuta ya kula, yale ya njano, akayakata, akayakunja kwa maji ya moto, akatengeneza makasha mapya. Hayakunyooka. Rangi zilitofautiana, mengine yalikuwa bado na maandishi ya kiwanda nusunusu. Alizungusha tyubu ya baiskeli ile ile, akafunga kamba ya katani ya kuning'iniza shingoni, ile ngumu inayowasha. Halafu akafanya jambo lililomuuma kuliko yote: alichukua msumari akayakwaruza, moja baada ya jingine, akayasugua kwa mchanga mpaka yakafifia. Mkono ulikataa, akaulazimisha. Mwisho, kwa chuma cha kulehemu, alichoma majina ya wanafunzi wanne au watano, aliyopewa na Joyceline, juu ya kila kimoja cha shule, kama watu wanavyochoma alama kwenye mpini wa jembe.

Bernadina alisimama mlangoni, kashika kiuno. "Baba Joyce, kweli hivi ni vya kumpa mtoto wa mtu? Vinatisha."

"Cha kwako ni hiki hapa. Nimeandika jina lako."

Alikipokea, akakigeuza, akakunja uso kama aliyeonja shubiri. Akakosa pa kukiweka. Kabatini kisingekaa karibu na glasi. Akakitundika jikoni kwenye msumari, kando ya mwiko, na kuanzia Jumapili ile akawa anakisoma akisubiri maharage yaive.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa Valerian alirudi shuleni na gunia begani. Alilimwaga mezani kwa mkuu. Mwalimu Mustapha alirudi nyuma na kiti chake.

"Fundi. Nini hivi?"

"Visomeo. Vinafanya kazi vyote."

Mkuu alikishika kimoja kwa ncha za vidole viwili, mshiko ambao Valerian aliujua sana. "Hapana," alisema Mwalimu Mustapha. "Nisamehe, fundi, nakuheshimu, lakini hapana. Hivi haviwezi kukaa ofisini kwangu. Mgeni akiviona atasemaje? Na haya majina! Hii si mali ya ofisi tena." Alikirudisha, akafuta vidole kwa leso. "Vipeleke huko huko darasani."

"Nilifikiri hivyo pia, mwalimu. Na haya nimekurudishia." Akatoa kwenye mkoba makasha kumi na mawili ya mninga, ameyafuta ukungu, ameyapaka vanishi upya, yanameta, ndani hamna kitu.

Uso wa mkuu ulifunguka. "Alaa! Sasa haya ndiyo." Aliyapanga mwenyewe juu ya rafu, akayafunika kwa KARIBU MGENI, akamwita mwalimu wa stoo, zikafungwa kufuli zote mbili. Nasikia yamo mpaka leo, na mkaguzi ameyasifu tena.

Darasani hapakuwa na hotuba. Joyceline aliita majina, wakachukua, wakagombana kidogo, wakatoka. Jioni ile Valerian alipopita na bodaboda aliona kule mashambani, juu ya kichanja cha kulindia ngedere, kitu cha njano kimening'inia shingoni mwa mtu, na huyo mtu hakuinua kichwa pikipiki ilipopita. Ngedere wawili walikuwa tayari ndani ya mahindi.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi Joyceline alishuka Korogwe kwa shughuli za mtihani, akafika kibandani akiwa na haraka, kwani basi la kurudi lilikuwa saa nane. Akatoa kifurushi cha gazeti. Valerian hakuhitaji kukifungua ili ajue kilichomo, maana harufu ilitangulia: dagaa, moshi wa kuni, mafuta ya ufuta, na kitu cha uchachu alichokitambua kuwa maziwa ya mtoto.

Kilikuwa kisomeo cha Mwaija na wenzake watatu. Fundi alikiangalia. Ile njano imekuwa kahawia. Ugali umekauka kwenye mpira. Kona moja ina alama za meno, ya mtoto au ya mbuzi, hakutaka kujua. Kamba ya katani imekuwa nyeusi kwa jasho, na kwenye sola kuna kinyesi cha kuku ambacho mtu alijaribu kukifuta akakitandaza. Katika miaka thelathini ya kazi hakuwahi kuletewa kitu kinachotia kinyaa kiasi kile.

"Kitufe cha mbele kimekwama tangu juzi," Joyceline alisema. "Wenzake watatu walishamaliza. Mwaija zamu zake zinaliwa na shamba. Tena jana wametangaza, mtihani wa Kiswahili wanaanza nao wiki ijayo."

Valerian alikiwasha. Kilifunguka palepale kilipoachwa, ukurasa wa mia mbili na tatu. Zilikuwa zimebaki kurasa kumi na moja.

Mkono wake ulikwisha kwenda kwenye chupa ya spiriti na mswaki. Ndoo ya mchele ilikuwa pale chini ya meza. Kazi safi, kama alivyoapa, ni mpaka kesho asubuhi. Alitazama ule ukurasa, mstari wa mwisho ambao sentensi yake ilikatika katikati, na chini yake, kwenye kioo, doa la mafuta. Akairudisha chupa.

Alitoa skrubu mbili, akachokonoa ugali kwenye kitufe kwa ncha ya sindano huku amebana pua, akabonyeza mbele, akabonyeza nyuma, akakirudisha kwenye ukurasa wa mia mbili na tatu. Dakika tisa. Akakifunga katika gazeti lile lile lenye harufu ya dagaa.

"Hukisafishi, baba?" Joyceline alishangaa.

"Basi linaondoka. Mpelekee hivyo hivyo, kisipite kwa mtu mwingine yeyote kwanza."

Binti alitoka mbio. Valerian alibaki amenyoosha mikono mbele yake, mbali na nguo, mpaka Bernadina alipomletea maji kutoka nyumbani. Alinawa kwa sabuni mara tatu.